Nothing Anatoka Bombani Kwangu

Jamani, kwa umri huu wangu sikutegemea kuja kugombana na neno. Nimegombana na mwenye nyumba, nimegombana na konda, nimegombana na kuku wa jirani anayetagia kwenye kreti langu la soda. Lakini neno? Tena la Kiingereza, saa tatu usiku, vumbi la Nkuhungu limejaa puani?

Chanzo ni binti yangu. Kaingia kidato cha kwanza mwaka huu. Mnajua mambo yetu: miaka saba mtoto anasomeshwa kwa Kiswahili, jua, mvua, mmeng'enyo wa chakula, vyote Kiswahili. Siku anavaa sketi ya sekondari, masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Ni kama umempandisha mtu basi la Kondoa, umemshusha Morogoro, halafu unamshangaa kwa nini hajafika kwao.

Basi kapewa kazi ya nyumbani: tunga sentensi tano ukitumia "nothing".

Nikamwambia hilo jepesi, mwanangu. Nothing ni hakuna kitu. Andika tulale.

Akanionyesha mfano alionakili ubaoni: Nothing is in the tank. Nikaanza kuitafsiri kibabe, neno kwa neno. "Hakuna-kitu ipo ndani ya tangi." Nikakwama hapo hapo. Ipo? Kama ipo, si kuna kitu? Yaani Mwingereza kauchukua ukosefu, kauvalisha koti, kauketisha kiti cha mbele anapokaa mtenda. Nothing came. Nothing happened. Haya, kama ndiye mtenda, mimi nataka ngeli yake. Nothing amekuja? Nothing kimekuja? Binti ananiambia eti Kiingereza hakina ngeli, baba. Sawa, hakina ngeli, lakini kuna mtu amekaa pale mbele na mimi simwoni!

Ingawa nikisema kweli, huyo Nothing namfahamu. Anatoka bombani kwangu. Dodoma hii maji tunayapata kwa mgao, na siku ya zamu yetu nakuwa wa kwanza kuamka. Nafungua bomba. Linakohoa. Linapuliza upepo kama mpiga filimbi mzee. Linatema tone moja la rangi ya chai ya rangi. Halafu anatoka Nothing mwenyewe, kwa presha kabisa, na mita inazunguka! Nimechuchumaa pale na tochi, nimeiona kwa macho yangu, ule mshale mwekundu unakimbia kwa upepo mtupu. Mwisho wa mwezi bili inakuja. Yaani Nothing kwangu ana bei.

Kiswahili bwana hakina ujanja huo. Kiswahili kinakuuliza kwanza: hakuna wapi? Nina simtanki la lita 1,000 juu ya matofali kule nyuma. Nikipanda ngazi nikichungulia ndani, humu hamna maji. Nikishuka nikasimama kwenye bomba, hapa hapana maji. Nikitoka nje nikatazama mtaa, madumu ya njano yamejipanga kama wapiga kura, huku hakuna maji. Mu, pa, ku. Kiu ni ile ile, lakini walau unajua ukosefu wako unakaa wapi.

Ila na sisi tumeyachezea. "Hapana" tumeiondoa mahali pake, tukaipa kazi ya kukataa tu. "Hamna" ndiyo kibarua wa kila kitu. Muulize kijana wa bodaboda kama amekula: hamna. Anakwenda Mtumba? Hamna. Ana chenji? Hamna. Mshambuliaji anakosa goli pale Jamhuri, kipa kalala chini, lango wazi, jukwaa zima linasema yule hamna kitu. Mtu mzima, ana jezi, ana viatu, lakini ukifungua ndani hamna kitu!

Na mpira wenyewe tunaumaliza bila kwa bila. Hiyo "bila" tumeipata kwa Waarabu, na sifuri vilevile. Nilipomwambia binti kwamba hata "zero" ya Mwingereza inatoka kwenye sifuri hiyo hiyo ya Mwarabu, ila yenyewe ilizunguka kwa Waitaliano kwanza, akanitazama kama nimetoka kwenye chupa ya zabibu. Nalijua hilo, nilimwambia. Baba yako na sifuri wamejuana tangu darasa la tatu.

Tukaendelea. Akaniambia nikitaka kuielewa nothing niikate katikati: "no" ni hapana, "thing" ni kitu. Nikaona sawa, kumbe ni matofali tu. Nikaikata na "nobody" kwa panga hilo hilo. No, hapana. Body, mwili. Nobody came: hapana-mwili alikuja. Mama Neema aliyekuwa anasonga ugali akaacha mwiko, akasema yeye hayo ya miili inayokuja usiku hayataki nyumbani kwake.

Kilichonimaliza ni sentensi yake ya nne. Kaandika: Yesterday we ate nothing but mlenda. Nikaona "ate nothing", damu ikapanda. Sisi hatukula? Unaandika kwenye daftari la serikali kwamba jana nyumba hii haikula? Mwalimu atasoma, atanifikiriaje? Binti akacheka mpaka akashika mbavu. Kumbe hiyo "but" inayofuata inageuza mambo yote: hatukula kingine, ni mlenda tu. Sasa huo si uungwana. Unamnyima mtu chakula mwanzo wa sentensi, unamrudishia mwishoni, akiwa ameshakasirika.

Halafu ikaja sheria. Sentensi ya tano alikuwa ameandika I don't have nothing, akaifuta kwa mate na kidole. Mwalimu kasema hairuhusiwi. Hasi mbili zikikutana zinageuka chanya, kama kwenye hesabu, kwa hiyo umesema unacho. Kwenye nyimbo wanaimba hivyo, mitaani kwao wapo wanaosema hivyo, lakini kwenye mtihani ukishaweka "don't" unamalizia na "anything".

Nilibisha. Sisi hasi tunazipanga hata nne. "Hapana, sina, hamna kitu kabisa, sijapata!" Na kila ukiongeza moja, mdai anazidi kuelewa. Binti akafunga daftari, akasema haya baba, usiku mwema.

Kesho yake ilikuwa Jumatano, na Jumatano ni siku ya marejesho.

Nilichukua mkopo, ile inayoitwa kausha damu, nikanunua friji la kuuzia soda baridi. Friji likafanya kazi miezi miwili. Sasa hivi ni kabati la sabuni. Dada wa marejesho anakuja na pikipiki, miwani myeusi, daftari gumu kwapani, na heshima nyingi mno. "Shikamoo baba Neema, za hapa?" Heshima ile ndiyo inayotisha. Na akitaka kukubana anachomeka Kiingereza chake cha chuo.

Kwenye kopo la maziwa nilikuwa na elfu sita na mia nne. Marejesho ni elfu ishirini. Nikawaza, leo huyu nitamtangulia mimi kwa lugha yake, ajue nyumba hii nayo inasoma. Nikasimama nyuma ya kaunta, nikafunga kifungo cha shati, nikasema taratibu, kila neno na nafasi yake:

"Madam, today I don't have nothing."

Dada akavua miwani. Akatabasamu vizuri kabisa, hana hasira hata kidogo. Akalivuta kreti la soda, akamwondoa kuku wa jirani kwa upole, akaketi.

"Asante baba Neema. Hasi mbili," akasema, akafungua daftari na kutoa kalamu. "Kwa hiyo unacho. Nakusubiri."

Nyuma ya pazia nikasikia sauti ya binti yangu, kanyoosha shingo, sare tayari mwilini:

"Anything, baba! Nilikwambia anything!"