Pegasus ya 1914: kosa la mzinga au la nanga?

Alfajiri ya Jumapili, 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliifyatulia mizinga Pegasus ya Uingereza, iliyokuwa imetia nanga bandarini Unguja ikitengenezwa mitambo. Ilianza kupiga ikiwa zaidi ya kilomita 8. Makombora ya Pegasus yalidondoka majini kabla ya kufika. Ya Königsberg yalifika. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa, baadhi yao wamezikwa kisiwani Chapwani, na Pegasus ikazama siku hiyohiyo.

Ukitazama kipenyo cha mtutu peke yake huelewi kitu. Königsberg ilibeba mizinga 10 ya milimita 105, Pegasus 8 ya inchi 4, yaani milimita 101.6. Lakini kombora la Mjerumani lilikuwa la kilo 17 hivi, la Mwingereza kilo 11 na ushei. Gawa uzito kwa eneo la duara la kombora: kila sentimita ya mraba ya kombora la Mjerumani imebeba karibu asilimia 40 zaidi. Jepesi huzuiwa mapema na hewa, likapoteza kasi na kuanguka. Dawa yake ni kuinua mtutu zaidi, ila kiti cha mzinga kina kikomo cha mwinuko, na kikifika hapo mpigaji hana la kufanya.

Wanaoitetea mizinga ya Pegasus husema lawama ni ya nanga, na hoja yao ina uzito. Meli iliyofungwa haiwezi kusogea ili kupunguza umbali. Haiwezi pia kugeuka: mizinga ya ubavu wa pili inatazama mji huku adui yuko baharini. Anayepiga naye hana kazi ya kukisia mwendo wa shabaha. Anatazama maji yanaporuka, anaongeza au kupunguza umbali, kisha anaendelea kwa kipimo kilekile.

Hoja hiyo inayumba ukienda Rufiji. Tarehe 6 Julai 1915 ni Königsberg yenyewe iliyokuwa imesimama, imejificha kwenye delta ya mto, ikishambuliwa na meli za Waingereza Severn na Mersey zenye mizinga ya inchi 6. Ikiwa palepale, bila kusogea, iliipiga Mersey na kuunyamazisha mzinga wake wa mbele, kwa sababu ilikuwa na watazamaji nchi kavu wa kusahihisha shabaha. Tarehe 11 Waingereza walirudi, ndege ikawasahihishia wao, na Königsberg ikaishia hapo. Kwa hiyo nanga ni mzigo, lakini aliyetia nanga bado anaweza kupiga akiwa na mtutu unaofika na jicho linaloona kombora linapoangukia. Pegasus hata ingepewa jicho, mtutu usingefika. Kwangu mzinga unabeba sehemu kubwa ya lawama.

Leo mzinga wa meli wa ukubwa wa wastani unaojulikana zaidi ni wa Kiitalia wa milimita 76, Oto Melara. Toleo la Compact hufyatua makombora 85 kwa dakika, mtutu ukipozwa kwa maji, na hakuna mtu ndani ya mnara unaoubeba. Sifa hiyo isomwe pamoja na ghala lake: ngoma iliyo chini ya sitaha huchukua makombora 80, yanayoisha chini ya dakika moja, kisha watu wanajaza kwa mikono. Kombora likigoma mtutu ukiwa wa moto, hatari ni baruti kuwaka yenyewe kwa joto. Mtutu hubaki umeelekezwa upande mtupu na maji yanaendelea kupita.

Wapo wanaotamani mzinga kama huo kwenye boti za doria za mkondo wa Zanzibar, kwa hoja kwamba unamfikia mtu aliye mbali. Ni kweli unafika kilomita 16. Lakini mnara wake una tani 7 na nusu kabla hujaweka kombora hata moja, na boti ndogo yenye uzito huo juu ya sitaha italala ubavu kwenye mawimbi ya kusi. Kazi ya kikosi kama KMKM, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo cha Zanzibar, ni kuzuia magendo: lazima ukifikie chombo, ukitambue, ukipekue. Kwa kilomita 10 huwezi kujua kama ni jahazi la karafuu za magendo au la wavuvi wa Nungwi. Hapo mzinga wa milimita 20 au 30 unatosha, na fedha zinazobaki zinunue rada na mafuta ya doria.