Huyu mjumbe mbona yupo kila bodi?

Miaka kadhaa nyuma nilienda mkutano mkuu wa kampuni moja iliyopo soko la hisa hapa Dar, nina hisa zangu chache nilizonunua siku nilipopokea hela ya mchezo. Tukagawiwa ripoti nene, fulana na maji ya chupa, na kama kawaida watu wakakimbilia ukurasa wa gawio. Pembeni yangu kulikuwa na mzee mmoja wa balagashia, yeye anapitisha kidole kwenye picha za wajumbe wa bodi, mstari kwa mstari. Muda wa maswali ulipofika akasimama: "Ndugu mwenyekiti, huyu bwana nimemhesabia bodi saba, tatu ziko nje ya nchi. Sisi katupangia siku gani?" Ukumbi ukacheka, mwenyekiti naye akacheka, akasema mzee wangu, huo ndo uzoefu wenyewe, tukahamia ajenda ya wakaguzi.

Nilicheka na mimi. Ila nikiwa kwenye daladala narudi Mbezi nikafungua jedwali la mahudhurio ya vikao, lipo nyuma kabisa ambako hamna mtu anafika, nikakuta yule bwana wa bodi saba hajakosa kikao hata kimoja, aliyekosa viwili ni mjumbe mwenye bodi hii hii moja tu. Kwahiyo hoja ya muda ikafa palepale. Njia mbili zilimshinda fisi, huyu ana saba na anatembea vizuri tu. Swali likabaki jingine, akikaa pale mezani anamfikiria nani?

Hii ishu siyo ya kwetu wala siyo mpya. Mwaka 1913 kamati ya Bunge la Marekani, ile ya Pujo, iliwahesabu wakubwa wa J.P. Morgan na mabenki mengine machache ikakuta wameshika viti 341 kwenye bodi za kampuni 112, yaani mkopeshaji yupo kwenye bodi ya reli na ya bima pia, halafu unaambiwa hilo ni soko huria. Mwaka uliofuata ikatoka sheria ya Clayton, inakataza mtu mmoja kukaa kwenye bodi za kampuni mbili zinazoshindana. Wajerumani nao walikuwa na Hermann Josef Abs wa Deutsche Bank, viti vyake vilizidi mpaka sheria ya 1965 ikaweka kikomo cha kumi, na watu wakaibatiza jina lake.

Na usidhani sheria ikiwepo basi imeisha. Eric Schmidt alikuwa bosi wa Google na huku amekaa bodi ya Apple toka 2006. Mwanzoni hamna shida, Apple anauza kompyuta, Google kazi yake ni kutafuta vitu mtandaoni. Apple akatoa simu yake ya iPhone, Google akaja na Android, mfumo wa simu za wengine, ghafla jamaa anakaa kikao cha mshindani wake, akaondoka 2009. Hapa ndo pananifundisha kitu: kiti hakikubadilika, biashara ndo ilibadilika chini ya kiti. Ukimpitisha mtu leo akiwa safi haina maana miaka mitatu mbele bado yupo safi.

Sasa tuwe wakweli, upande wa pili una hoja nzito. Watu wanaojua kusoma hesabu za benki kubwa au kuhoji mkataba wa bima wanaoweza kukaa bodi hapa nchini siyo wengi, ukisema kila mtu bodi moja tu utajikuta unajaza viti kwa kujuana. Na mtu anayekaa Nairobi, Johannesburg na Dar anabeba maarifa, yale makosa waliyolipia wenzetu sisi tunayapata bure. M-Pesa ilianza Kenya 2007 kwa Safaricom, mwaka uliofuata ikawa hapa kwa Vodacom, kwasababu nyuma ya kampuni zote mbili alikuwepo Vodafone ya Uingereza. Leo nalipa hata bodaboda kwa simu, siwezi kusema konekisheni za juu hazijanisaidia.

Ila kwetu kuna wajumbe wa aina mbili na tunawachanganya. Kuna anayeitwa kwa ujuzi wake, halafu kuna aliyetumwa na mwenye hisa kubwa. Huyu wa pili ndo anayeunganisha nchi na nchi. Angalia Arise, kampuni ya kuwekeza kwenye mabenki ya Afrika, imeundwa 2016 na Rabobank ya Uholanzi, FMO ambayo ni benki ya maendeleo ya Uholanzi hiyohiyo, pamoja na Norfund, mfuko wa serikali ya Norway. Ikarithi hisa za Rabobank pale NMB, asilimia 34.9, na ikaingia pia Equity Group ya Nairobi kwa asilimia zaidi ya 12, na Equity ina benki hapahapa Dar inayogombania wateja haohao wa NMB. Sisemi kuna ubaya uliofanyika, nasema kiti huwa kinafuata hisa, na mwenye hisa huku na huku lazima aulizwe.

Kwasababu kwenye bia tulishaona. Mwaka 2002 EABL, wenye Kenya Breweries, na SABMiller, wenye TBL yetu, walichoka kupigana, wakakaa chini: SABMiller wakafunga kiwanda chao cha Castle kule Thika, EABL wakafunga kiwanda chao cha Kibo pale Moshi, EABL akapata asilimia 20 ya TBL, SABMiller asilimia 20 ya Kenya Breweries. Kila mtu akabaki na nchi yake. Kwa hesabu za wenye hisa ni akili kubwa, muulize aliyekuwa na ajira Kibo. Mpaka 2010 EABL aliponunua asilimia 51 ya Serengeti ndo mashindano yakarudi, na zile hisa za TBL akaziachia 2011.

Wengine watasema dawa ni kupunguza idadi. Kenya wanafanya hivyo, mjumbe wa kawaida haruhusiwi kuzidi bodi tatu za kampuni zilizo sokoni. Sawa, ila Carlos Ghosn aliongoza Renault na Nissan kwa pamoja, Ufaransa huku Japani kule, ukiongeza na Mitsubishi zilikuwa kampuni tatu tu, na mpaka anakamatwa Tokyo Novemba 2018 watu walikuwa wanabishana anamtumikia nani, maana Renault ilishika asilimia 43 ya Nissan. Mtu wa bodi tatu anaweza kukuumiza kuliko wa nane.

Mimi nashika upande wa yule mzee, ila kwa sababu tofauti na yake, siyo muda wa mjumbe, ni maslahi yake. Sheria yetu ya makampuni ya 2002 inamtaka mkurugenzi atangaze maslahi yake kwenye mkataba, vizuri, lakini anawatangazia wajumbe wenzake mle ndani, sisi wa fulana tunabaki na picha na tai.

Mwaka huu mkutano ni wa Zoom, maswali yanatumwa kwa maandishi kabla. Langu nimeshatuma: zile bodi tatu za nje za yule bwana wa bodi saba, kuna inayotuuzia kitu, na siku tunapanga bei yeye huwa anatoka nje au anabaki?