Pasi mbili, birika moja, lawama kwa kompyuta

Usiku wa kuamkia Idi, mwezi ulitangazwa saa tatu kasorobo. Ilipogonga saa tatu, fleti yetu ilikuwa na pasi mbili kazini: moja chumbani inanyoosha kanzu, moja sebuleni na mabuibui. Jikoni birika la umeme linachemsha maji. Na mimi pale kwenye kona yangu kompyuta nne zimewaka, vijana wa jirani ninaowafundisha wanamalizia zoezi. Tak! Kiza.

"Nilisema mimi," sauti ya ami ikatoka gizani. "Hayo makompyuta yatakuja kutuunguza."

Pasi haikutajwa. Pasi tunayo tangu zama za makaa, imeshakuwa mtu wa ukoo. Kompyuta ni mgeni, na kuku wakipotea anaulizwa mgeni.

Haya, tuhesabu, maana nimechoka kuhukumiwa kwa macho tu. Ninacho kile kipimo kidogo kinachochomekwa kwenye soketi kikakuonesha wati. Kompyuta yangu moja ya mezani pamoja na skrini yake inavuta kama wati 120. Nne ni 480. Pasi zetu zimeandikwa 1,200 kila moja, kwa hiyo mbili ni 2,400. Birika limeandikwa 2,200 kitakoni. Gawa kwa volti 230 za umeme wa nyumbani, upate ampea, yaani wingi wa umeme unaopita kwenye waya: pasi na birika peke yao ampea 20, kompyuta zote nne, vijana na kelele zao, ampea 2 na kitu. Breka, ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi, inayohudumia soketi zote za nyumba ni ya ampea 16.

Nakubali, ampea zangu mbili nazo zilikuwemo. Bila hizo breka ingevumilia dakika kadhaa zaidi kabla ya kushuka. Hilo ami lichukue, ni lako. Zaidi ya hapo sikupi.

Lakini yote hayo si kitu. Kilichonipandisha mori ni fundi aliyeitwa baada ya sikukuu. Akafungua kiboksi cha breka, akaangalia sekunde tano, akasema: "Hii ya 16 ndogo, bosi. Tutie ya 32, mambo yaishe." Ami akafurahi, akaniangalia kwa huruma kama mtu aliyeniokoa mimi na makompyuta yangu.

Jamani. Breka haikuwekwa pale kulinda kompyuta, wala pasi, wala heshima ya mwenye nyumba. Inalinda waya uliomo ukutani. Na waya wa kwetu ni wa lini? Majumba haya ya Michenzani yalianza kujengwa enzi za Mzee Karume kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, hata televisheni ya rangi ilikuwa bado haijaingia Zanzibar. Kwetu kila chumba kina soketi moja: weka redio, weka feni, lala. Hakuna aliyeota kwamba siku moja soketi hiyo hiyo itabebeshwa birika, friji, chaja tano za simu na darasa la kompyuta.

Ukitia breka ya 32, waya hautanenepa. Utabaki ule ule mwembamba, ila sasa umeondoa kitu pekee kilichokuwa kikiuonea huruma. Utapitisha ampea 25 saa nzima, utachemka ndani ya plasta usikokuona, ganda lake litalainika, litakauka, litapasuka, na breka itakaa kimya kwa sababu umeshaiambia kuwa 25 si tatizo. Ni kumfukuza mlinzi kwa kuwa anapiga kelele akiona mwizi. Mule ndani breka ndiyo peke yake iliyokuwa ikisema kweli, na ndiyo tuliyotaka kuitoa.

Nikakataa. Nikaitwa mjuaji. Sawa.

Jioni nikakaa kwenye mkeka na bisibisi nikafungua ekstensheni yetu, ile nyeupe ya matundu sita iliyoandikwa 13A kwa mbwembwe. Mlemle mna vipande vya shaba vyembamba kama kifuniko cha kopo la dagaa, vishaanza kuota ukijani kwa hewa ya chumvi. Waya wake ni kama wa chaja. Wa ardhi, ule wa kuupeleka chini umeme uliovuja, hata haukuungwa. Tundu la tatu ni pambo. Kwenye tundu ambalo birika huchomekwa asubuhi, plastiki imegeuka rangi ya biskuti na ukinusa inanuka kuungua, kama mpini wa sufuria iliyosahauliwa jikoni. Nikafungua plagi. Penye fyuzi, kile kiwaya kinachotakiwa kukatika umeme ukizidi, pameviringishwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Nyumbani kwetu hakuna anayevuta sigara, kwa hiyo sijui nimshukuru nani.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu kilichonifanya nione haya. Kuna mtoto mmoja, miaka tisa, alikuwa kila akigusa kiboksi cha kompyuta anasema, "Kaka, inaning'ata." Wenzake wakimcheka. Mimi nikamwambia avae ndara. Ndani ya kompyuta mna kichujio kinachovujisha umeme kidogo sana kwenye bati la nje, kwa matumaini kwamba waya wa ardhi utaupokea. Waya wa ardhi ukikosekana, anaupokea mtoto, miguu mitupu juu ya sakafu ya saruji. Umeme huo ni mdogo, ndiyo. Lakini siku kifaa kingine kikiharibika na bati likapata umeme kamili, mpokeaji ni huyo huyo, na mimi nimeshampa ndara.

Mtanishauri ninunue laptop. Kweli, moja inavuta wati 30 hadi 60, na mwenye hela asisite. Wa UPS, kile kiboksi cha betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika, nao nawasikia, ila msichomeke humo printa ya leza.

Kinachonishangaza ni kwamba sisi si wageni wa mambo haya. Umeme wa kutoka bara ulipokatika Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu, Unguja nzima tulihitimu shahada ya jenereta. Hadi muuza urojo alikuwa anajua KVA, kipimo cha nguvu ya jenereta. Leo muulize mtu birika lake wati ngapi, anakuangalia kama umemuuliza umri wa mkewe.

Tulichofanya mwishowe ni kumleta fundi mwingine. Akavuta waya mpya wa milimita mraba 2.5, wenye wa ardhi, kutoka kwenye kiboksi hadi kwenye kona yangu, juu ya ukuta bila kubomoa, ukiwa na breka yake ya 16 na ile nyingine inayokata umeme ukivuja miliampea 30. Ekstensheni nikaivunja kwa nyundo mbele ya mashahidi. Birika likapigwa marufuku kukutana na pasi.

Mtoto wetu alirudi juzi, akashika bati kwa kidole kimoja, kisha kwa kiganja kizima, akacheka. Ami naye amepita, akaiangalia soketi mpya, akaigonga-gonga, akaniuliza kama hapo birika haliwezi kukaa.