Mshahara Mnono

Leo asubuhi nimefutiwa tangazo kwa kalamu nyekundu, mimi mtu mzima ninayewatafutia waajiri wafanyakazi jijini Nairobi mwaka wa tisa huu.

Tangazo lenyewe lilikuwa safi, nasema bila haya. Niliandika kwamba anatakiwa karani wa stoo, nikataja kazi zake, mahali pa kazi kuwa Eneo la Viwandani, mshahara wa shilingi 32,000 kabla ya makato, na siku ya mwisho ya kutuma maombi. Mteja akavaa miwani, akaanzia kwenye cheo.

“Kijana wangu, karani hana uzito. Weka Meneja wa Mikakati ya Bidhaa.”

“Mzee, mtu wa kuhesabu mabati hatafuti kazi kwa jina hilo.”

Hakunisikia. Akaongeza kwamba anamtaka mwenye umri wa miaka 24 na tajriba ya miaka 10. Nilipiga hesabu kwa sauti, kwa adabu zote, nikamwonyesha kwamba mtu huyo angekuwa amepokea mabati ya kwanza akiwa darasa la nane. “Wenye bidii huanza mapema,” akajibu, huku akichovya mandazi kwenye chai. Akaandika “awe mwanamume”. Nikamkumbusha kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kumbagua hata anayeomba kazi, naye akafuta, akaandika “awe na misuli”. Akadai kila mwombaji atume cheti cha tabia njema pamoja na vya KRA (kodi), HELB (mikopo ya elimu ya juu), EACC (maadili na vita dhidi ya ufisadi) na CRB (kumbukumbu za mikopo). Nikamweleza kwamba tangu mwaka 2022 sheria inataka vyeti hivyo viombwe kwa yule tu unayekusudia kumwajiri. Akanitazama kana kwamba sheria hiyo nimeitunga mimi.

Hatimaye akafika kwenye 32,000. Akaikata mara tatu, karatasi ikatoboka, kisha pembeni akaandika: mshahara mnono.

“Mnono kiasi gani, Mzee?”

“Atajua akifika.”

Atafika kwa miguu? Mtu atoke Rongai asubuhi ya mvua, nauli imepanda, aje kufumbuliwa fumbo? Tangazo lake la mwisho lenye unono huo huo liliniletea wasifu 611, wakiwamo wachungaji wawili na daktari wa mifugo, na nilizisoma zote kwa macho haya haya nikapata makarani sita, ambao wanne kati yao waliposikia kiasi chenyewe walikumbuka ghafla kwamba wana shughuli nyumbani.

Tangazo limetoka saa sita. Tangu hapo simu haijanyamaza, na wote wanauliza unono huo ni wa kiasi gani, isipokuwa mama mmoja aliyetaka kujua kama misuli inayohitajika ni ya mikono au ya miguu, kwa kuwa mwanawe husambaza mikate kwa baiskeli huko Kariobangi na ya miguu anayo tele. Nimemwambia atume.