Mbuzi Kumi, Milisekunde Elfu Mbili

Huko Katuba, Lubumbashi, yaya, yaani ndugu yangu mkubwa, alikuwa akipatana mahari na wakwe wa Kolwezi kwa simu ya video. Muda huohuo kompyuta yake ilikuwa ikipandisha video ya harusi ya mteja, gigabaiti 4, kwenye laini inayopandisha megabiti 2 tu kwa sekunde. Piga hesabu: zaidi ya saa nne laini imejaa pomoni.

Mkwe akauliza, "Mbuzi kumi, mtaweza?" Kimya. Akadhani hatukusikia, akaendelea: "Na binti yetu, mtamtunza?" Hapo ndipo jibu la papa mkubwa, kaka mkubwa wa baba yetu, kwa swali la kwanza likatua Kolwezi: "Hapana, hiyo imezidi!"

Kwenye skrini wakwe wakageukiana. Yaya alishapanda juu ya bati kugeuza antena. "Mdogo, sasa iko muzuri?"

Antena haikuwa na kosa lolote. Nikaandika ping 8.8.8.8 -t, amri inayopima kwa milisekunde muda wa pakiti (kipande kidogo cha data) kwenda na kurudi, namba zikatoka: 48, 310, 1150, 2060, ghafla 420, kisha zinapanda tena kama meno ya msumeno. Mawimbi mabovu huvuruga namba hata laini ikiwa haina kazi. Hapa, ukisimamisha upandishaji, unarudi 48 palepale.

Mchawi ni kumbukumbu ya modemu, mahali pakiti zinapongojea zamu. Kilobaiti 512 zikisubiri kutoka kwa megabiti 2, ya mwisho inakaa sekunde mbili nzima. TCP nayo, kanuni inayoongoza upandishaji, kwa kawaida haipunguzi mwendo mpaka pakiti itupwe, na kumbukumbu kubwa haitupi upesi. Ikitupwa, foleni inapungua kidogo, halafu inajaa upya. Sauti ya papa mkubwa ikawa inasubiri nyuma ya watu wanaokata keki.

Nikaweka luci-app-sqm, programu ya kusimamia foleni, kwenye ruta inayotumia mfumo wa OpenWrt, nikachagua upande wa WAN (unaotoka kwenda intaneti) na aina ya foleni iitwayo cake, kisha kwenye upandishaji nikaandika 1700. Hizo ni kilobiti, si kilobaiti: asilimia 85 ya kasi uliyopima. Laini ya 4G ipime jioni, ikiwa imechoka, maana ukiandika namba kubwa kuliko uwezo wake foleni inarudi modemuni. Ikibaki kwenye ruta, kila mtiririko unapata zamu yake, na simu haisukumwi na video. Ile video itachukua kama dakika 47 zaidi, mteja atavumilia. Ila usiache 0, maana 0 ni kusema hakuna kikomo.

Ping ikatulia kwenye 60 hivi. Tukapiga tena.

"Tumewasamehe," mkwe akasema, maneno yakifika pamoja na midomo. "Lakini mbuzi sasa ni kumi na tano. Mnasemaje?"

Safari hii kila mtu alijua kwamba swali limefika. Yaya akaniinamia sikioni: "Mdogo, ile sifuri inaandikwa wapi?"