Semina ya siku moja haitoshi
Makala moja inadai kwamba semina ya siku moja inamtosha mhudumu wa kujitolea kwenda kuongoza kikundi cha wazazi cha kuwakinga watoto na dawa za kulevya, Kisauni au Likoni huko Mombasa. Sikubali kabisa. Siku moja ni ya kueleza muguka (majani ya kutafuna yanayolevya, jamii ya miraa) na unga (heroini) hufanya nini mwilini. Kuongoza kikao ni kazi nyingine. Anayefunzwa aongoze mwenyewe, mkufunzi akimtazama, angalau vikao viwili vya watu kumi hivi, tena apewe kisa kigumu: mama anaangua kilio kwamba mwanawe ameanza kuuza sufuria za nyumbani, jirani anadakia, "Si nilikwambia!" Hapo ndipo vikundi huvunjika, maana wiki ya pili yule mama harudi na habari zake ziko mtaani. Kiongozi ajue kumkatiza jirani kwa adabu, akumbushe sharti la siri, kisha amuulize mama atakachofanya wiki hii, mathalan kujua mtoto hupata wapi pesa na yuko na nani baada ya madrasa. Waongozaji wawe wawili, mmoja apate kutoka nje na anayelia. Kijana aliyekwisha kunaswa na unga ni wa wataalamu, si wa kikao. Namba ya simu 1192 ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, haitozi kitu. Huko kwenu, vyeti vikishagawiwa, nani huwafuatilia wahudumu hawa?