Jenereta porini, Ijumaa usiku

Hivi mtu anaendeshaje gari kilomita 135 kutoka Alice Springs mpaka kambi ya Ormiston Gorge, korongo lililo ndani ya hifadhi, Ijumaa jioni, amechoshwa na wiki nzima ya kazi, halafu akifika tu anawasha jenereta? Ya nini? Friji ya bia haiwezi kungoja mpaka asubuhi?

Wengine tunakwenda kule kwa sababu ya ukimya. Usiku wa Julai katikati ya Australia baridi hushuka hata chini ya nyuzi sifuri, hewa inakauka, anga linakuwa safi kabisa. Nyota za Msalaba wa Kusini unaziona bila kuzitafuta. Ukibahatika, dingo, wale mbwa wa porini wa Australia, wanaitikiana mbali huko, mwili unasisimka. Sasa usikie nini, wakati mashine inanguruma mita chache kutoka kwenye hema lako mpaka saa nne? Na moshi wake je? Halafu zile taa kali za juu ya gari, zinamulika mahema ya watu wote kana kwamba tuko gereji.

Ukimwomba jirani azime, anakujibu naye amelipia. Kulipia nafasi ya hema hakukupi haki ya kununua usiku wa kambi nzima! Na hiyo ni ardhi ya Waarrernte, wenyeji wa asili wa huko, wewe na mimi ni wageni tu pale.

Wasimamizi wa hifadhi watenge sehemu ya jenereta mbali na mahema, na jua likizama zizimwe zote. Anayetaka umeme alale mjini, hoteli zipo.